Ule Aliyemubeba Papa Mukendi

Yaya wangu mupenzi Ngalula,

Uko muzima? Na bwana yako Papa Mukendi, muguu yake inaendelea namna gani? Minye niko. Meno yangu yamepunguka, mudomo haiyapunguka, unaniyua. Hii barua naituma wazi, bila bahasha, na ule mama anayepelekaka samaki ya kukauka kule kwenu Kasai. Nilimwambia: muntu akitaka kusoma njiani, asome. Mu treni asome na sauti, bote basikie. Utaona juu ya nini.

Unakumbuka siku niliingia kwako na muchi ya kutwangia? Tulikuwa na ukuta moya tu kati yetu, mu zile nyumba za kampuni hapa Likasi, pale Shituru. Nilikuwa natwanga majani ya sombe, nikasikia sauti yako: "Kufa! Kufa, mbwa weye, leo sikuachi!" Nikasema, eh mama, Papa Mukendi anakwisha. Nikaingia bila hodi, muchi juu. Nakukuta umeikala pa mukeka, manete ya mashini ya muchezo mu mikono, mu televizo unamupiga mwanaume moya mukubwa kama kabati paka anatapika damu. Papa Mukendi yeye anakula karanga. Ulinitazama na ule muchi yangu, ukacheka paka machozi. "Mudogo, ikala. Hapa bantu banakufa, kisha banaamuka."

Ile mashini ya muchezo ya mapigano, ya kufunga ku televizo, muzungu moya wa karakana alimuachia Papa Mukendi pale alikuwa anakimbia, nyuma ya baaskari na bantu kuvunja maduka yote. Mishahara ilikufa, robinet za maji zilikauka, lakini courant ya umeme ilikuwaka kidogo muchana. Banamuke bengine balikuwa banalia. Weye ulikuwa unapiga.

Uliniwekea manete mu mikono. Nilifinya kila kitu. Muntu wangu alianguka mbele niyue ni yupi njo minye! Ulisema: "Usiangalie mikono yako. Angalia ule anataka kukuua." Wiki nzima batoto yangu balinishinda, hata ule wa kunyonya angenishinda. Lakini damu ilinipanda, yaya. Nilikuwa naota naponda bantu uso.

Njo weye ulisema: "Minye nayua kupiga, weye unayua kusema. Tufanye shampiona." Nani mu Likasi angeweza kuita bantu kama minye? Nilipita soko, nilipita kanisa, nilisema ku foleni ya bunga, siku ya posho vijana balitoka paka Kakontwe kule banavunjaka mawe. Nilikuwa siyui kupanga mechi, niliwapanga kama bantu ya kwaya, barefu nyuma! Ulicheka tena. Sheria uliweka moya tu: aliyeshindwa anabeba. Anabeba bidon ya maji ya mushindi toka mutoni, hata nyumba yake iko mbali namna gani. Na mechi ikiisha, dirisha yote inalia: "Abebe! Abebe!" Hata nani, anabeba.

Na vile balipiganaka! Si mu televizo tu. Moya alimuuma mwenzake sikio juu ya manete. Minye arbitri, niliingia katikati, ngumi ya mugeni aliyetoka kule Panda ikanitoa jino ya mbele. Weye ulitoka ku jikoni na mwiko ya kusongea bukari, ya moto, ukabapiga bote mashingo paka inje. Kisha ukarudia kucheza. Eh, tulifurahi!

Kisha maneno ilianza. Bakubwa ku redio banasema bantu ya Kasai barudie kwabo. Kwabo wapi? Weye ulizaliwa hapa, ku maternité ya Likasi, kitovu yako iko mu udongo ya hapa. Mu soko balianza kubaita bilulu, badudu. Bachezaji bengine banaacha kukuya. Bengine banakuya, lakini hawakusalimii. Nyundo, ule muvunja mawe ya Kakontwe mwenye mikono kama majembe, yeye alikuwa anakula kwako bado. Alikula bukari yako hata ile Alhamisi. Jumamosi, siku ya finali, finali ya weye na yeye, alikuya na bachezaji bengine kumi hivi, na machuma, na petroli mu chupa.

Papa Mukendi alisimama mu mulango. Nyundo alimupiga chuma ku muguu, chini ya goti. Nilisikia ile sauti, yaya, kama unavunja muwa. Bengine bakamumalizia na mateke, damu ikaruka paka ku ukuta wangu. "Bilulu batoke! Inchi ni yetu!" Nyundo akanisukuma: "Mama, weye mutoto ya inchi, toka, tusikuchome bule."

Minye na woga yangu yote, nilikuwa nimejikojolea, unaweza kubaambia bote. Lakini mudomo ikafunguka yenyewe: "Nyundo! Leo ni finali yako! Umeleta bantu kumi na petroli juu unaogopa mwanamuke na manete?"

Moya wao akacheka. Kisha wa pili. Nyundo akageuka muwekundu mu macho. Weye ulikuwa umemushika Papa Mukendi kichwa, bitenge yako yote damu.

"Nikikushinda," Nyundo alikuambia, "mulale inje leo, na hii nyumba nawasha moto."

"Na minye nikikushinda?"

"Huwezi."

"Sheria ni ya shampiona," ulisema. "Utamubeba bwana yangu paka ku gare ya treni. Mugongoni."

Bakaingia bote na machuma yabo, bakaikala chini kama siku zote. Ile njo sitaisahau: baliikala pa mukeka, banasukumana ili baone muzuri! Petroli balisimamisha ku meza, karibu na sukari. Na Papa Mukendi anaunguruma pale mulangoni.

Raundi ya kwanza alikuponda. Alikushika shingo, akakutupa, akakukanyaga. Ya pili ulimukata miguu paka akakwisha. Ya tatu sikuangalia televizo. Niliangalia mikono yako, ilikuwa inateleza na damu ya bwana yako, ukaipanguza haraka ku nywele, ukafinya. Muntu wa Nyundo akaruka juu, akaanguka, hakuamuka.

Ulishinda. Nyundo akasimama, akakupiga kofi paka ukagonga ukuta. Akachukua chuma, akapasua televizo, kioo ikaruka. Akainua ile chuma juu yako, yaya. Nilifunga macho.

Na pale, kijana moya kule nyuma, bila kufikiri, mudomo tu ilizoea, akasema: "Abebe." Mwingine: "Abebe!" Kisha bote, bale bale balikuya kubachoma, banapiga mikono: "Abebe! Abebe!" Nyundo anabaangalia kama bamekuwa bichaa. Angebapiga bote? Alitupa chuma. Akainama.

Alimubeba, ndiyo. Barabara yote ya gare, katikati ya bantu na mapanga. Moya alimurushia Papa Mukendi jiwe mugongoni, Nyundo akamupiga ule wa jiwe teke ya tumbo, akaendelea. Minye nyuma na sanduku yenu, weye na sufuria na shavu imevimba. Kule gare mulilala inje, chini ya mashuka ya kutundika, na bale bengine ya Kasai paka treni ikakuya. Nilibaletea bukari kila siku. Siku ya treni sikukuona usoni, nilikuona mukono tu ku dirisha.

Sasa sikia juu ya nini naandika. Nyundo alichukua nyumba yenu, yeye njo jirani yangu. Analala mu kitanda yako. Na mu mitaa yote ya cité anahadisia: "Minye nilimuokoa Mukasai, nilimubeba mugongoni." Banamununulia pombe. Pasta alimusifu mbele ya kanisa. Ile muguu, hakuna anayeisema.

Juzi ku foleni ya maji alianza tena. Nikamuuliza mbele ya banamuke bote: "Na muguu, Nyundo, nani aliivunja?" Alinipiga bidon tupu ku uso. Nikaanguka, nikaamuka, nikauliza tena. Akanipiga tena. Nikauliza tena. Banamuke balinitoa pale banalia, na bengine balikuwa banamuangalia yeye sasa, si minye.

Jicho moya imefunga, naandika na lingine. Kesho kuna foleni tena. Naenda.

Mwambie Papa Mukendi atembee, hata na fimbo. Lala muzuri kule, yaya wangu, na pika bukari mingi.

Ni minye mudogo yako, wa ukuta moya,
Mama Chola