Ngazi Saba za Shamba la Mama

Jumapili jioni, nyumbani Mafiga, mjini. Koti langu bado lina unyevu wa ukungu wa Mgeta, na viatu nimeviacha nje kwa sababu ya tope. Nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo sijui nimtupie nani.

Kazi yangu ni kufundisha falsafa chuoni. Wiki iliyopita mwanafunzi wangu Zaituni alitetea udhanifu wa nafsi, ile nadharia inayodai kwamba kitu kipo kwa sababu tu kuna akili inayokiona au kukiwaza. Nilimdhihaki. Nikamwambia atoke nje, afunge mlango, kisha arudi atuambie kama meza imeyeyuka. Darasa zima likacheka. Mimi ni mtu wa ujarabati: maarifa huingia kwa macho, masikio na vidole, na ambaye hakwenda kuangalia anyamaze. Nilimpa alama mbaya, nikalala usingizi mzuri.

Wadhanifu siwavumilii. Ni watu waliokaa ndani muda mrefu mno.

Leo nimepanda Mgeta, kwetu milimani, kwenye kikao cha ukoo. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na mjomba ndiye husema nani alime wapi. Mama alifariki miaka sita iliyopita, na tangu hapo shamba lake la mteremkoni analilima Felista, binti wa mama mdogo. Sasa anaomba litambuliwe kuwa lake. Mimi nimekwenda kulidai. Hoja ya Felista na wanaomuunga mkono ni kwamba shamba ambalo huonekani ukililima si lako tena. Nikawadharau kimoyomoyo. Kumbe hata huku juu wamejaa wadhanifu! Shamba liko palepale, nionekane nisionekane.

Nikampa mjomba shikamoo yake, kisha nikahutubia kana kwamba niko darasani. Nikaeleza mti wa pichi ulio juu, kijito kilicho chini, na ngazi za kuzuia udongo ambazo mama alizichonga mlimani kwa jembe lake mwenyewe.

"Ziko ngapi, mpwa wangu?" mjomba akauliza taratibu.

"Saba," nikasema. Sikusita hata kidogo.

Felista akatazama chini. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. "Zimebaki nne, kaka. Tatu zilikwenda na mvua mwaka juzi. Na mpichi ulianguka."

Shamba nililokuwa nikilipigania halikuwepo popote isipokuwa kichwani mwangu.

Mjomba akampa Felista. Hakuna aliyebisha, hata mimi.

Kabla gari halijaondoka mjomba akaniambia niteremke nikaliangalie shamba, mwendo wa dakika kumi tu. Nikajibu kwamba viatu vyangu havifai kwa njia ile.

Uongo. Viatu vilikuwa vimeshajaa tope tangu asubuhi. Niliogopa. Nisipoliangalia, ngazi zinabaki saba, na mama yuko kwenye ile ya tatu, ameinama na jembe, khanga kaifunga kiunoni.

Miaka sita sikwenda kuangalia, na leo nilipoambiwa nenda, nikakataa. Halafu najiita mtu wa ujarabati.

Karatasi ya Zaituni iko hapa mezani. Kesho nitamrudishia alama zake, mbele ya darasa lilelile lililocheka. Akiniuliza nimeona nini hadi nikabadilika, nitamwambia nini, na mimi sikwenda kuona?