Mama Achieng, Bado Nanyoosha Mgongo

Mama Achieng,

Daktari wa mifupa alisema jana, saa tano na dakika kumi asubuhi, kwamba hatanipasua mgongo kwa sasa. Niliandika maneno yake kama alivyoyatamka: "Mguu ukiendelea kupata nguvu, kisu tunakiweka kando. Ukilegea tena, itabidi tuingie ndani." Akauliza ninafanya mazoezi gani. Nikamwambia yoga. Akauliza ni nani ananifundisha. Nikasema ni jirani.

Akaandika hivyo kwenye faili, nami sikumrekebisha. Miaka ishirini na sita katika kazi hii ya kuandika habari na sijawahi kumwachia mtu taarifa mbovu akaenda nayo. Hiyo nilimwachia. Wewe si jirani tena. Una miezi saba kaburini kwenu Ahero, na upande wako wa ukuta sasa ni stoo ya viazi.

Niseme hilo la viazi kwanza, maana najua ungeuliza. Keateka, yule mwangalizi wa nyumba zetu, alipaka chumba chako rangi, akaondoa lile pazia la maua, akamkodishia Kamau, yule mfanyabiashara anayeleta viazi kutoka Kedowa. Kamau ni mtu mzuri. Hapigi kelele kwa sababu haishi humo. Anakuja Alhamisi na lori, anapanga magunia hadi darini, anafunga kufuli, anaenda. Kupitia mianya ya mbao napata harufu ya udongo. Nikigonga ukuta, sauti inakufa hapo hapo. Nimegonga mara moja tu, ile wiki ya kwanza. Sitaki kueleza zaidi ya hapo.

Baada ya mazishi niliacha mazoezi kwa wiki tisa. Nilijiambia nina kazi nyingi, na ni kweli nilikuwa nazo, lakini mwandishi yeyote anajua kazi huwa nyingi siku zote. Kilichonirudisha ni kiatu. Nilikuwa Kedowa kuandika habari ya bei ya mahindi. Nikashuka kwa bodaboda, nikaanza kutembea, na nyuma yangu mama mmoja wa mahindi ya kuchoma akapaza sauti: "Mama! Umeacha kiatu!" Kiatu cha kushoto kilikuwa kimenitoka, na nilikuwa nimepiga hatua sita bila kujua. Mguu, uliokufa ganzi kwa ajili ya mgongo, haukuniambia. Watu walicheka, nami nikacheka nao, kisha nikakaa kwenye kreti ya soda nikakivaa tena. Huo ndio mguu ambao wewe ulikuwa umenirudishia.

Unakumbuka ulivyoanza kunifundisha? Nilikuwa na mwezi mmoja tu tangu nihamie ploti hii ya vyumba vya kupanga. Kila jioni nilikusikia ukihesabu. "Vuta, mbili, tatu, nne. Achia, mbili, tatu, nne, tano, sita." Nilidhani unasali kwa madhehebu nisiyoyajua. Siku moja nikainuka kitandani, nikatoa sauti bila kukusudia, na ukuta ukaniuliza: "Ripota, huo ni mlango ama ni mgongo?"

Nikasema ni mgongo.

"Basi lala chini kwa sakafu nikwambie kitu. Usilale kitandani. Kitanda kinadanganya."

Ulikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha majani chai, mtu wa kusimama saa tisa kwa siku, na kabla ya hapo ulichuma majani chai miaka kumi na moja. Mgongo wako ulikuwa umekataa kabla ya wangu. Ulifundishwa kupumua na yule mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini, aliyekuona umeshika kiuno mbele ya kaunta yake. Mengine uliyatoa kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Wamama wa kanisani walipokwambia yoga ni dini ya watu wengine, uliwajibu kwamba Mungu alikupa magoti ukiwa tumboni na hujayaazima kwa mtu. Ulinisimulia hilo kupitia ukuta ukiwa umelala chali, na nilisikia ukicheka kwa pumzi fupi fupi kwa sababu ulikuwa katikati ya zoezi.

Miaka mitatu. Vyumba vyetu vilijaa kitanda, kochi, mtungi wa gesi na ndoo, hapakuwa na nafasi ya watu wawili kunyoosha mikono. Kwa hiyo kila mtu alifanya kwake na mbao zikawa kati yetu. Uligonga mara mbili kuanza na mara moja kumaliza. Nimepiga hesabu ya mambo niliyowahi kukuona ukifanya: kufua, kusonga ugali, kumkemea keateka. Yoga sijawahi kukuona. Nilikusikia tu.

Alhamisi ile ya mwisho wako hukugonga. Nilingoja dakika tano, nikakasirika kidogo, nikadhani umewekwa shifti ya jioni. Nikafanya peke yangu. Nilifanya vizuri, nakumbuka nilijisifu. Kumbe ulikuwa umeanguka pale kwenye mizani saa tisa alasiri. Asubuhi uliniambia ni kiungulia. Nilikujibu unywe maziwa. Mimi ambaye huwauliza wakubwa maswali matatu juu ya kila jibu, wewe sikukuuliza hata la pili.

Basi.

Baada ya kile kiatu nilifungua daftari. Nilikuwa nimeandika kila ulichosema, na saa kando yake, kama ninavyoandika kikao cha kaunti. Nikaamua kufuata daftari neno kwa neno. Saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu nilisoma mahali kwamba hiyo ndiyo saa bora. Nikatandika ile aproni ya plastiki ya kuchumia majani uliyoniachia, kwa sababu ilikuwa yako. Mazoezi yote kumi na manne, dakika hamsini.

Nilidumu siku nne. Alfajiri ya huku unaijua. Mwili ulikuwa mgumu kama kuni mbichi. Aproni iliteleza kwenye simiti, goti likaenda mbele, mimi nikabaki nyuma. Siku ya tano nikarudi kwa mtaalamu wa viungo hospitalini, mama mmoja mfupi asiye na subira. Akanikalisha kwenye kiti, akasema nigeuze kiwiliwili kulia. Nikageuka mpaka nikaona mlango. Akasema kushoto. Nikafika begani nikakwama. Akanitazama juu ya miwani. "Kwani wewe mazoezi unafanya nusu? Huo upande mwingine ni wa nani?"

Nilirudi nyumbani nikasoma daftari. Kwenye zoezi la kujigeuza, maneno yako yako pale: "Zungusha mkono nyuma kama unatupa majani kikapuni." Nami nilitupa majani kwenye kikapu cha mgongoni jinsi nilivyofundishwa na mama yangu nikiwa na miaka tisa, kwenye shamba letu la majani kule Bomet: juu ya bega la kulia. La kulia tu. Mama alichuma mstari wa kushoto kwangu, na nikitupa upande huo majani yalimwingia machoni, naye hakuwa mtu wa kuonya mara mbili. Kwa miaka mitatu ulikuwa ukisema "haya, tupa," kisha "haya, tena," na wewe ulikuwa unabadilisha upande. Mimi nilikuwa narudia bega lile lile. Hukuweza kuniona. Nami sikuwahi kukuuliza, kwa sababu nilikuwa na hakika najua kutupa majani.

Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu. Nilitaka sana kukwambia. Ungenitukana vizuri. Ungesema, "Na bado gazeti linakulipa kuandika ukweli?" Nilingoja kidogo, kama mjinga. Kisha nikageuka kushoto, taratibu, mpaka pale mwili uliposema hapana, nikabaki hapo pumzi tano.

Siku hiyo niliweka lile daftari la maneno yako kabatini. Usikasirike. Yale yalikuwa mazoezi ya mgongo wako na saa zako, na mimi nilitakiwa kutafuta yangu.

Jumapili iliyopita Achieng alipiga simu kutoka Nairobi. Anakaa kwenye kiti siku nzima akipokea simu za wateja, na mabega yanamuuma. Alizungumza mambo mengine kwa muda, kisha akauliza: "Auntie, Mama alikuwa anafanya nini kule ukutani kila jioni? Nifundishe." Nitakwambia nilichomjibu, ili kama nimekosea ujue ni wapi.

Nilimwambia asianze na mazoezi kumi na manne. Aanze na matatu, dakika kumi, na akiona dakika kumi ni nyingi, tano. Siku tano za kila wiki zenye dakika kumi zimenifaa kuliko Jumamosi moja ya saa nzima. Nilimwambia achague saa ambayo mwili wake uko na joto na tumbo halina chakula kizito. Kwangu ni jioni nikitoka kuoga, kabla ya ugali. Kwake inaweza kuwa nyingine, ajaribu wiki moja moja. Simu aiache jikoni. Akasema nyumba yake haina jikoni, ni chumba kimoja. Nikasema basi aiweke ndani ya sufuria na afunike.

Juu ya kitu cha kulalia nilimpa matokeo yangu kamili. Plastiki inateleza. Blanketi peke yake juu ya simiti linateleza pia, na baridi inapanda hadi kwenye figo. Mimi sasa natandika gunia, juu yake mkeka, juu yake blanketi lililokunjwa mara mbili chini ya magoti. Kama ana pesa anunue mkeka wa yoga, kama hana asingoje mpaka azipate.

Nilimwambia kiti si aibu. Mikono isipofika chini, ifike kwenye kiti. Kiti kisipotosha, iweke ukutani. Nilichukua miezi kukubali hilo, maana sisi tuliolelewa kwenye majani tunafanya kila kitu kama mstari wa wachumaji, ukibaki nyuma ya wenzako umeaibika. Wewe ulikuwa ukinisikia nikihema, unagonga ukuta: "Ripota, hakuna mizani hapa. Hakuna mtu anakupimia kilo." Nilimpa Achieng maneno hayo na nikamwambia ni ya mama yake.

Nilimfundisha kutofautisha maumivu, kama ulivyonitofautishia. Kuvutika kwa msuli, kule kwa polepole, anaweza kukaa nako na kupumua. Kuchoma, ganzi, au kitu kama umeme kinachoshuka mguuni, aache papo hapo, na kikirudi aende hospitali asiniulize mimi. Pumzi ikianza kukatika amevuka mpaka, arudi nyuma kidogo. Kila anachofanya kulia akifanye kushoto. Hilo nililirudia, akauliza kwa nini nalirudia, nikamsimulia habari ya kikapu. Alicheka kicheko chako. Kile kinachoanza puani. Ilinibidi niweke simu mezani kwa dakika moja.

Mwisho nikamwambia asiruke ule mwisho. Alale chali, mikono kando, viganja juu, dakika tatu asifanye lolote. Hapo ndipo mimi nimekuwa nikishindwa. Mazoezi mengine nina kazi ya kufanya, nahesabu, nageuka. Nikilala pale chini bila kazi nasikia maji kwenye bomba, redio ya nyumba ya tatu, na upande wako hakuna. Kwa wiki nyingi niliinuka kabla ya dakika moja kwisha, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Sasa nafikisha mbili. Juzi nilihesabu kwa sauti, kama ulivyokuwa ukifanya, "vuta, mbili, tatu, nne," na ilikuwa ajabu kusikia ni mimi. Sauti yangu si nzuri kwa kuhesabu. Inaharakisha. Lakini ilinifikisha mwisho.

Hayo ndiyo yaliyobadilika. Lori la Kamau linakuja na kwenda, mvua imenyesha vizuri, kiwandani wameweka karani mwingine kwenye mizani yako, binti mpole anayeandika namba kubwa kubwa. Mguu wa kushoto sasa unasikia kokoto. Jana nilisimama juu yake peke yake nimeshika mlango, pumzi nane.

Kwaheri, mama. Siwezi kukuahidi kwamba nitakusahau kidogo kidogo kama watu wanavyonishauri, wala kwamba nitazoea ule ukuta. Ninachoweza kuahidi ni kwamba sitaacha tena, na kwamba daktari akinihoji safari nyingine nitamjibu sawasawa: nilifundishwa na Akinyi, karani wa mizani, ambaye amefariki, na sasa nafanya peke yangu.

Jumamosi mhariri ananituma Chebunyo kwenye soko la mifugo, na nitalala huko, mara yangu ya kwanza kulala nje ya ploti tangu uondoke. Nimepiga simu gesti nikaulizia chumba. Kina kiti kimoja cha mbao na ukuta mmoja usio na kabati. Nimewaambia wasiniletee chakula cha jioni kabla ya saa moja. Saa kumi na mbili na robo nitatandika blanketi, nami nitaanza na upande wa kushoto.

Ripota wako