Kikwembe ya Kambo Feliste

Kazi tatu, tarehe 8 mwezi wa tano

Basi njo vile, hii fête itazungumuziwa mu Kampemba yetu muzima. Bamama ba mutuelle yetu ya kusaidiana batavaa sawa miaka ya Zaïre, quatre-vingts, 1980 na kitu, nywele ya kusuka na uzi, muziki ya wakati ile. Kikwembe mupya, kitenge ya duka, hapana. Ya zamani tu, ya kweli. Présidente akauliza nani angali nayo. Mi kinywa inanitangulia. Nikasema niko na malle muzima, sanduku ya kujaa. Ndani ya ile malle muko mablanketi na panya.

Kazi tano, tarehe 10

Nimeenda kwa Yvette, jirani. Mama yake, Kambo Feliste, anachungaka kikwembe moja ya bluu na bandege ya manjano. Haijakatwa hata siku moja. Yvette ameniazima. Akasema: "Ufunge tu, yaya. Usikate." Nikaapa. Nimerudia na kucheka.

Kazi moja, tarehe 13

Réunion. Présidente anataka kila mama ashone libaya, blouse, na kikwembe yake, juu ya kupigwa photo. Mama Solange alikuwa ananiangalia tu. Ule anangojaka nianguke. Nilipashwa kusema haiko yangu. Sikusema. Nimepeleka ku fundi. Wakati makasi iliingia, niliangalia pembeni.

Kazi tatu, tarehe 15

Libaya imetoka muzuri, mikono ya kuvimba. Bwana amesema nimerudia kijana. Nimecheza mbele ya kioo. Nikisikia sauti ya Yvette, nakimbia ku choo.

Kazi ine, tarehe 16

Yvette amekuja kuichukua. Kila mwaka baridi ikianza, Kambo anaianikaka ku jua, anaikunja tena. Nikauliza, kikwembe ya kuanika tu, ya nini? Njo akaniambia. Bwana ya Kambo alimununulia wakati alikuwa anatumika kazi ku train. Iko ya kumuzika Kambo nayo.

Kikwembe ya kuzika mutu haikatwake. Mi mwenye najua. Mama yangu tulimufunika na ya muzima.

Sikuuliza mbele ya kukata. Mi mwenye naulizaka yote.

Nimemutolea libaya. Ametoka nayo, mulango ameacha wazi.

Posho, tarehe 18

Fête iko leo. Muziki inafika mpaka hapa. Sikuenda. Solange aseme yenye anataka. Habari ya bantu yote napelekaka mi, hii yangu sijapelekea mutu. Niko na haya hata mbele ya bwana.

Mangaribi Kambo amenitumia mutu aniite. Nilifikiri ni matusi, nikaenda. Libaya ilikuwa ku magoti yake. Akasema: "Utafumua, utashona yote na mukono. Hapa mbele yangu. Na habari ya bantu usiniletee."

Yenga, tarehe 19

Nimeshona toka asubui, kando ya kitanda yake. Mikono, mugongo, kifua, narudisha vipande pamoja. Kimoja hakuna, fundi alitupa. Pale patabakia tundu. Kambo anapitisha kidole ku mushono. Kama haimupendeze, anasema tu: fumua. Nafumua. Habari ya fête iko mingi, perruque ya Solange, nywele ya kuvaa, ilianguka ndani ya supu, kinywa inaniwasha. Nameza.

Kikwembe haitarudia vile ilikuwa. Yeye anajua, mi najua. Tuko tunashona tu.

Alilala kidogo, njo nimepita kwetu kuandika. Sasa Yvette ananiita inje ku lupango. Kambo ameamuka, anauliza mukata-kikwembe iko wapi. Njo jina yangu sasa. Naenda.