Mahudhurio ya Kufyeka

Cheyo, Tabora
4 Juni 2023

Shangazi Agnetha,

Kabla hujasoma zaidi, nakuomba ufunge mlango. Usimsomee mtu yeyote barua hii, hata Mchungaji, hata Kabula jirani yako. Ukiimaliza, itie jikoni iungue. Sipigi simu kwa sababu ofisini tunakaa watatu chumba kimoja, na hapa nilipopanga kuta ni nyembamba.

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na nyuki wanaendelea vizuri. Mimi ni mzima wa mwili.

Shangazi, unakumbuka zile karatasi tatu ulizoniletea mwezi wa nne, za mahudhurio ya watu waliojitolea kufyeka barabara ya kukinga moto kuzunguka msitu wa Kisima cha Wapagazi? Majina mia na kumi na nne, pamoja na madole gumba ya wasiojua kuandika. Nilikwambia uache nafasi juu, nami nitachapa kichwa cha habari vizuri kwa mashine, ziende wilayani na maombi ya kusajili kikundi chenu.

Nafasi ile imejazwa maneno mengine. Sasa panasomeka kwamba wanakijiji wa Isanzumo, katika mkutano mkuu, wameridhia msitu upimwe na kupewa mkulima mmoja wa Urambo, alime tumbaku na kukata kuni za kukaushia majani kwenye mabani yake. Bosi wangu, Bwana Valentino, ndiye anayempimia. Faili limekwisha kwenda.

Wapimaji wakija, usiseme ulisikia kwangu. Mkataba wangu wa kazi unaisha mwezi wa tisa, na bado hawajaamua.

Mwanao,
Benjamini


Isanzumo
11 Juni 2023

Mwanangu Benjamini,

Marahaba. Mgongo haujapoa, ila nimeusahau tangu Twalibu alipokuja kuchukua asali akanipa bahasha yako. Alisema, "Mama Agnetha, siku hizi unaandikiwa barua kama binti aliyeposwa." Nikacheka naye. Kisha nikafunga mlango, kama ulivyotaka. Wewe hujambo? Unakula?

Barua sikuichoma. Nimeiweka ndani ya kitabu changu cha nyimbo, hakuna atakayeigusa.

Wapimaji wamekuja Alhamisi na vigingi vyao. Kabula akawauliza wameruhusiwa na nani, wakamwonyesha kivuli cha karatasi. Akaliona dole lake, lile lenye kovu la panga. Alikuja kwangu akasimama mlangoni, akakataa kiti.

"Agnetha, nilikwambia siku ile. Jasho halina karani. Ukasema bila mahudhurio serikali haitatuamini. Haya, imetuamini."

Ni kweli nilisema. Wazee wetu walifyeka pale miaka yote bila kuandikishwa, na wapagazi wa misafara walikunywa maji yale hakuna aliyewauliza majina. Mimi ndiye niliyewapanga watu mstari. Mimi ndiye niliyewashika bibi zako vidole nikavichovya kwenye wino.

Tumepeleka shauri baraza la ardhi. Litasikilizwa tarehe 4 Julai. Karani wa pale ametuambia, kama mnasema hizi zilikuwa karatasi za kufyeka, mleteni mtu aliyezipokea kabla hazijaandikwa juu. Mtu huyo ni mmoja tu.

Nina maswali mawili. Maneno ya juu aliyaandika nani? Na je, utakuja?

Shangazi yako,
Agnetha


Cheyo, Tabora
21 Juni 2023

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, isipokuwa silali vizuri. Kula nakula.

Maneno ya juu niliyaandika mimi.

Karatasi zenu nilikuwa nimeziweka kwenye droo, nikingoja siku isiyo na kazi nyingi. Bwana Valentino akazikuta alipokuwa akitafuta stepla. Akasimama nyuma ya kiti changu, akaninongonezea la kuandika. Akasema, "Kijana, Kiswahili chako kizuri, kinyooshe." Nikakinyoosha. Nilizipitisha kwenye mashine moja moja, nikipima nafasi kwa rula ili maandishi yasiguse jina la kwanza, ambalo ni lako. Maneno "bila kushurutishwa na mtu yeyote" yeye hakuyataja. Niliyaongeza mwenyewe, kwa sababu nyaraka za namna ile huwa nayo.

Nikisimama barazani nitakuwa nimekiri kughushi. Nimesoma sheria yake, ni kifungo. Hata hivyo nitakuja. Nitaaga kwamba nina msiba, nipande basi la alfajiri. Ila nakuomba jambo moja: msinitaje hadi mnione mlangoni. Nisipoonekana, nitoe kabisa katika habari hii, mimi na barua zangu. Ulinilea, shangazi, unajua nilivyo. Niahidi kupitia kwa Twalibu, ujumbe wa mdomo unatosha.

Mwanao,
Benjamini


Isanzumo
16 Julai 2023

Benjamini,

Marahaba ya salamu zako za mwezi uliopita. Hapa hakuna mgonjwa.

Tarehe nne tulikaa barazani tangu saa tatu. Mwenyekiti akaniuliza karatasi nilimkabidhi nani. Nikatazama mlango. Akauliza mara ya pili. Nikasema nimesahau.

Watu wetu walikuwa nyuma yangu. Nikamsikia Kabula, wala hakupaza sauti: "Anakumbuka nani alitegea kufyeka siku ya pili, ila amesahau aliyempa karatasi." Kuna mtu alicheka.

Barua zako mbili zilikuwa kwenye mkoba, juu ya magoti yangu. Nilikuwa nimekuahidi.

Shauri limetupwa. Sasa kijijini wanasema niliuza msitu. Jina la kwanza ni langu, na namba za pembeni ni mwandiko wangu, kwa hiyo hawana haja ya kutafuta mbali. Jumapili wenzangu walinivua uongozi wa kikundi. Walifanya kwa adabu, waliimba kwanza. Getruda, waliyemweka mahali pangu, alipotoa daftari la mahudhurio, hakuna hata mmoja aliyekubali kusaini.

Mashoka yameanza upande wa mizinga. Nyuki wamehama.

Rufaa ina siku arobaini na tano. Ahadi yangu ilikuwa ya siku ile moja, lakini mimi sina desturi ya kuvunja ahadi, hata ikiisha. Kwa hiyo kinywa cha kusema ni chako. Usiniandikie kuomba radhi. Njoo, au usije.

Agnetha


Urambo
3 Septemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Ni ya tatu tangu yako ya Julai. Twalibu ananiambia zile mbili alikukabidhi mkononi, ukazipokea bila kuuliza habari zangu.

Mkataba wangu umeongezwa. Nimehamishiwa tawi la Urambo. Hakuna aliyeniuliza lolote.

Siku za rufaa zilikwisha tarehe 18 Agosti. Tarehe 17 nilifika stendi ya Tabora, nikakata tiketi ya Sikonge nije huko, nikakaa kwenye benchi nimeishika. Kondakta aliniita, "Bosi, unapanda au unalinda benchi?" Basi likaondoka. Tiketi ninayo bado. Ningependa kukuambia nilizuiliwa na mtu, lakini hapakuwa na mtu.

Magari ya magogo hupita hapa kila asubuhi kuelekea kwenye mabani. Sijui kama ni ya kwetu. Nimehamisha meza nisitazamane na dirisha.

Sikuombi unisamehe, ulikataza. Naomba unijulishe tu barua zangu za mwezi wa sita ziko wapi. Kama umezichoma, niambie. Kama umempa mtu, niambie ni nani. Kama bado zimo kitabuni, basi.

Usinipigie, namba nimebadilisha. Ukiandika, usiweke jina langu juu ya bahasha. Andika Emilian, fundi cherehani, ndiye mwenye nyumba. Mpe Twalibu, siyo mtu mwingine. Ukija mwenyewe, shuka stesheni na usiulize ofisini. Fuata reli hadi ghala la tumbaku, halafu hesabu nyumba mbili. Mlango ni wa bati la bluu. Njoo Jumapili, watu wakiwa misani. Gonga mara moja, usiniite kwa jina. Nikichelewa kufungua, usiondoke. Nitakuwa ndani.

Mwanao