Jumatano Zako, Baba Neema

Mpendwa Baba Neema,

Tangu tukuzike sijapata mtu wa kugombana naye vizuri. Watoto wananionea huruma, majirani wananiitikia tu "pole mama, pole mama." Kwa hiyo nakuandikia tuumalize ule ugomvi wetu wa Jumatano, maana uliondoka ukauacha katikati, na hiyo si tabia nzuri.

Unakumbuka ulivyoanza? Ulirudi kutoka kanisani umepata wazo, na mawazo yako ya kanisani nayajua. Ukasema kila Jumatano mchana Kassimu, muuzaji wetu, aache kaunta akae uani na wale vijana wa Kihonda walioacha shule, awafundishe kupaka rangi, na mshahara wake usikatwe. Nikakuuliza, "Hili ni duka la rangi au chekechea?" Ukacheka, ukasema, "Mama Neema, subiri uone." Neno lako hilo! Nilitamani kukumwagia ndoo nzima.

Na huyo Kassimu mwenyewe, haki ya Mungu, ulimtoa wapi? Mteja akiuliza rangi ya ukuta, yeye anamwonyesha rafu kwa mdomo. Akiulizwa bei, anatazama dari. Nikasema bubu huyu atamfundisha nani? Lakini wale vijana walimwandama kwa maswali. Hasa Koleta, yule binti aliyeteremka kutoka Mgeta baada ya mama yake kufariki. Kila kitu "kwa nini", mpaka Kassimu jasho linamtoka. Ikabidi aongee, akazoea, mwisho akawa hanyamazi. Mama wa watu kafuata balbu, anaelezwa namna ya kuzuia ukungu ukutani, anaondoka na ndoo mbili za rangi na balbu kaisahau. Ukanikonyeza. Nikajifanya sijaona.

Basi ulipoondoka, arobaini ilipopita tu, nikazifuta Jumatano. Ndiyo, nilizifuta! Duka lilikuwa linayumba, nilikuwa na hofu, na wewe hukuwepo wa kunizuia. Kassimu akaitikia "sawa mama," akarudi kuonyesha kwa mdomo. Wateja wakapungua. Mara yule mwenye duka la ng'ambo ya barabara akamwita Kassimu, akamwahidi mshahara mkubwa. Baba Neema, nilikosa usingizi. Mimi kuchanganya rangi sijui. Nilijaribu kijani cha mteja, kikatoka kama mlenda. Kassimu akienda, duka linafungwa.

Asubuhi akaja mbele yangu, kofia mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kuaga?"

"Hapana. Kule hela ni nzuri, lakini Jumatano hakuna. Nirudishie Jumatano yangu, mama, nabaki."

Nikamwambia nitafikiria, kwa sauti ya bosi kabisa.

Hata sijamaliza kufikiria, Koleta huyo mlangoni, ovaroli madoa matupu, na nyuma yake mzee mwenye nyumba ya wageni kule Kilakala. Binti kapewa kazi ya kuipaka rangi nyumba nzima. Akamwambia yule mzee, "Rangi tunachukua hapa. Hili ndilo duka letu." Letu! Mtoto ambaye hajawahi kununua hata msumari! Nikafungua mdomo nimkemee, yakatoka machozi. Mzee wa watu alikuwa ameanza kuomba punguzo. Aliponiona nalia akaogopa, akalipa bei kamili.

Kwa hiyo Jumatano zimerudi. Kassimu anachapa maneno, na vijana wake, mafundi sasa, wanatuletea wateja mpaka wa kutoka Dumila. Yule wa ng'ambo ya barabara ananisalimia kwa shida. Mimi nami natoka naenda uani, nawafundisha vijana namna ya kuzungumza na mteja mkorofi. Wanasema kwa kazi hiyo ninafaa sana, kwani mkorofi hawana haja ya kumtafuta. Usidhani nimekubali kwamba ulikuwa sahihi. Duka limekubali, mimi bado.

Juzi binti mmoja mgeni akaniuliza, "Mama, hivi hizi Jumatano aliyezianzisha ni nani?"

Nikakitazama kile kiti chako pale uani, ambacho hakuna anayekikalia.

Nikamjibu, "Mimi."

Kama unabisha, Baba Neema, njoo tugombane.

Mkeo,
Mama Neema