Kofia ya Birika Juu ya Sanduku la Roelof

Blijham, Groningen
14 Novemba

Mpendwa Annechien,

Pokea salamu kutoka huku kwenye upepo na matope. Natumaini wewe, mumeo Gerrit na watoto mko wazima, na theluji ya Kanada haijawafungia ndani. Mimi shangazi yako goti linanisumbua, lakini baiskeli bado naipanda na midomo yangu bado ina makali, kwa hiyo usinionee huruma. Baba yako anakula, analala, anapumua. Ukitaka kujua zaidi ya hapo, soma mpaka mwisho, hata kama itakuuma.

Barua yako nimeipata. Unaniuliza vifaa gani vya ziada vya lile sanduku lake la mvuke uvitume kwa Krismasi: mpira mpya, bomba refu la kioo, au vichujio. Nilicheka peke yangu jikoni, na hakikuwa kicheko kizuri. Mwanangu, kwenye nyumba ya wazee anakoishi sasa hawaruhusu chumbani kitu chochote cha umeme chenye kutoa moto, hata birika. Sanduku liko kwangu, kwenye kabati la mashuka. Baba yako anapewa matone ya dawa chini ya ulimi, na misuli ya miguu bado inamkaza mpaka anauma mto.

Nikupe haki yako: lile sanduku lilikuwa zawadi nzuri. Mapafu yake aliyamaliza kwa sigara za kusokota, na baada ya kusinzia na sigara mkononi akaunguza godoro, nesi wa mtaa, Fenna, alimwambia waziwazi, "Roelof, kikiungua kitu kingine humu ndani, unahama." Ndipo ukamtumia sanduku la mbao, kubwa kama mkate, la kupasha moto bangi ya daktari bila kuiunguza, avute mvuke badala ya moshi. Mimi mtu wa kanisa nilikuwa naifuata bangi duka la dawa kwa baiskeli, naiweka kapuni pamoja na vitunguu. Wanakwaya wenzangu walinicheka mpaka wakachoka.

Na alilitumia vizuri kuliko kuhani na madhabahu yake! Fundi umeme wa meli habadiliki. Alilichomeka moja kwa moja ukutani, ekstensheni hakutaka hata kuisikia. Chini yake akaweka kigae cha jikoni, mapazia akayasogeza mbali. Bangi aliisaga kidogo tu isiwe vumbi, akaitia kwenye mdomo wa bomba, akasubiri sanduku lipate moto, akavuta polepole. Bomba alilishika kwa ule mpini wa mbao aliouchonga mwenyewe ili asiungue vidole. Akimaliza, anazima, anachomoa, anasafisha kichujio kwa brashi ya rangi ya maji. Nilipotaka kulipaka nta ya fanicha ling'ae, aliniambia, "Hillechien, ukilipaka nta nitavuta nta. Kapake meza zako." Miguu ilitulia. Alianza tena kutengeneza redio za majirani, akikaa dirishani kwake kutazama mashua mferejini. Alitaka kufia pale na hakuficha.

Sasa njoo kwenye siku yake ya kuzaliwa, Septemba. Unajua mambo yetu: viti kwenye mduara, kila anayeingia anazunguka kumpa mkono na kumpongeza kila mtu, hata jirani wa jirani, kisha kahawa na kipande kimoja cha keki, na ole wako uombe cha pili. Fenna naye alikuwa amealikwa. Mimi nilikuwa jikoni nakata keki.

Roelof alikuwa ameliwasha sanduku kwa sababu miguu ilianza kumkaza, halafu akaitwa mlangoni kuwapokea majirani, akina Luppo. Baba yako mdogo Wubbe alikuwa amekaa karibu nalo. Unamjua Wubbe, bahili wa kutupwa. Kwake joto likitoka bure ni kama kuibiwa. Kila kitu cha moto lazima kifunikwe: birika, sufuria ya viazi, hata mayai ya kuchemsha. Akaona sanduku linapoteza joto, akachukua ile kofia ya sufu ya marehemu mama ya kufunikia birika la chai, akalivalisha. Kisha akaendelea na keki yake.

Nilisikia harufu kama ya kondoo aliyeungua. Nilipotoka, Fenna alikuwa ameshaivuta kofia inafuka moshi, anaikanyaga kwenye zulia. Kioo cha sanduku kilikuwa kimepasuka.

"Nani kaweka hii?" akauliza.

Watu wote wakainamia visahani vyao magotini. Halafu Wubbe akafuta mdomo, akasema kwa sauti ya upole, "Kaka, siku hizi unasahau sana, eti."

Baba yako aliitazama mikono yake, Annechien. Aliigeuza, akaitazama na upande wa pili. Akasema, "Basi huenda ni mimi." Mtu ambaye hajawahi kusahau kuchomoa waya tangu azaliwe! Fenna hakuwa na la kufanya, alishasema neno lake. Oktoba ilipoingia tukamhamisha.

Kule alikuwa akiomba ruhusa hata ya kushika mkasi. Redio niliyompelekea ilikaa bila kuguswa. "Nitaunguza nyumba," aliniambia. Na mimi, nikidhani ni kweli kichwa kimechoka, nilikuwa nampigapiga begani kama mtoto.

Juma lililopita Trijntje, mkewe Wubbe, alikuja kwangu na macho mekundu. Alimwona mumewe akiivalisha ile kofia, akanyamaza kwa kumwogopa. Sikuvua hata aproni, nilipanda baiskeli nikaenda.

"Umemfanya kaka yako ajione punguani," nilimwambia Wubbe, "kwa ajili ya joto la senti moja!"

"Angehama tu, leo au kesho. Una kelele wewe."

"Kwa nini hukusema?"

"Fenna alikuwa ananitazama. Nifanye nini, nijivue nguo mbele za watu?"

"Ungejivua! Hakuna ambaye angetamani kutazama."

Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika. Alikuwa akila viazi, akaendelea kula.

Kutoka pale nilikwenda kwa baba yako, nikamweleza yote. Nilifikiri atafurahi. Mjinga mimi! Aliuliza kama anaweza kurudi nyumbani sasa. Nikamwambia shirika la nyumba limeshawapa watu wengine, wana mbwa na mapazia ya zambarau. Alipokuwa anajiona amepotewa na akili, angalau alilala. Sasa anajua akili yake ni nzima, na anakesha nayo.

Lakini jambo moja sikumwambia, na ndilo lililonifanya nikae kuandika. Trijntje aliniambia kwamba jioni ile ile ya keki Wubbe alikupigia simu. Yeye Trijntje alikuwa ameketi pembeni ya mumewe, akasikia yote. Wubbe alikueleza kweli, moshi ukiwa bado unanuka nguoni mwake. Nawe ukamjibu, "Acha tu, baba mdogo. Akiwa nyumba ya wazee nitalala usingizi." Halafu ukaniandikia kwa mwandiko mzuri kwamba unasikitika kichwa cha baba kimechoka, na utume vifaa gani. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliijua methali hii tangu utoto, sikujua itavaa jina lako.

Najua una hofu, najua bahari ni pana na nauli ni ghali. Kila mtoto aliye mbali anataka mzazi awekwe mahali salama kama chombo cha udongo. Lakini ulimwuza baba yako kwa usingizi wako, na hakuna namna laini ya kulisema hilo.

Wasalimie Gerrit na watoto, mmoja mmoja kwa jina. Luppo na Trijntje wanakusalimu. Wubbe hasalimu mtu, maana hakuna anayemwitikia. Mungu awalinde, awape afya, na akupe moyo wa kufanya unalopaswa kufanya.

Baba yako aliniuliza swali moja tu nilipokuwa navaa koti: "Annechien alijua?" Nikamwambia hapana, wewe hukujua lolote. Sikuwahi kumdanganya kaka yangu kabla ya hapo, na hilo sikulifanya kwa ajili yako. Alitabasamu, akashika mkono wangu, akasema, "Nilijua. Yule angenitetea." Jumapili baada ya ibada huwa anakaa karibu na simu. Mpigie, umsikie mwenyewe akikushukuru.

Ni mimi shangazi yako, ninayekupenda hata leo,
Hillechien