Baba Anayeaga Kila Asubuhi

Jumanne, 5 Agosti 2025
Baridi kali hapa Afrika Kusini. Darasani tumeanza ile tamthilia ya Kimarekani: baba amefutwa kazi, lakini kila asubuhi anaaga na kutoka na mkoba, majirani wasijue. Nikawauliza wanafunzi, nani anamsukuma? Majibu yale yale — jamii, ubepari, uanaume. Kisha Sagesse, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Yeoville, akanyoosha mkono. Eti baba hadanganyi peke yake. Mke anajua, na kila siku anampigia shati pasi.
Nikajifanya natafuta ukurasa.
Mume wangu Mwaniki hajakanyaga benki tangu wamfute kazi Aprili. Shati la leo nimelipiga pasi mimi.

Jumatano, 6 Agosti
Sikulala. Eish.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemwambia! Jikoni, chai ikichemka. Nilimsimulia mchezo wote na alichosema Sagesse. Nilidhani atawaka. Akauliza tu, "Na huyo baba, mwishowe?"
"Anakufa, bado wanamwita meneja."
Akaepua sufuria: "Mimi hushinda maktaba, Kagendo. Viti vyao vimeniua mgongo."
Tulicheka mpaka nikalia. Miezi minne hatujacheka hivyo. Asante Mungu. Na Sagesse pia, ingawa hatajua.

Jumamosi, 9 Agosti
Sikukuu ya Wanawake huku. Mwaniki alienda Troyeville kumwambia ukweli Omollo, mwenyekiti wa ushirika wetu wa Wakenya kanisani. Huyo ndiye niliyemwogopa zaidi — kila Jumapili humtaja Mwaniki kuwa mfano kwa vijana. Amerudi uso umekunjuka. Omollo alifunga mlango, akamwambia kwamba mwaka juzi naye alikaa miezi sita bila kazi. Miezi sita! Na sisi tukimpigia makofi.

Jumapili, 10 Agosti
Mwaniki alisimama wakati wa ushuhuda. Sentensi mbili tu, kwamba hana kazi, akaketi. Hakuna aliyecheka. Kathambi, jirani yangu wa benchi, alinishika mkono hadi mwisho wa ibada, kisha akatuletea chapati nyumbani. Nashukuru. Nashukuru mno.
Imebaki nyumbani, Embu. Mama mkwe ametundika sebuleni picha ya Mwaniki mbele ya benki. Kila mgeni lazima aonyeshwe. Mwaniki ameketi hapa kando yangu, anampigia. Nasikia sauti ya mama yake: "Mwanangu wa benki!"
"Mama, uko na nani?"
Yuko na akina mama wa kanisa, wamejaa sebule nzima. Anawanyamazisha — kijana wake anaongea kutoka Afrika Kusini, ngoja awafungulie spika wamsalimie.
Mwaniki amenitazama.
"Sawa, Mama. Fungua. Wasikie wote."